Shemeji, Umeshinda

Likizo za Daktari Vatroslav hazikuwa likizo, zilikuwa vita. Wenzake wakienda kupumzika, yeye alikwenda kuteka nchi. Mwaka juzi aliiteka Ugiriki. Mwaka jana akaimaliza Prague, bia zake na madaraja yake na makanisa yake yote, na kila jioni mkewe Dinka alikaa kitandani hotelini akijikanda nyayo huku mumewe akimsimulia walichokiona mchana, kana kwamba yeye hakuwapo. Vatroslav alikuwa daktari wa meno pale Zagreb. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na watu waliopanua vinywa, na labda ndiyo maana hakuzoea kujibiwa.

Mwaka huu akachagua pwani ya Dalmatia. Meli ndogo ya mbao, kutoka Dubrovnik hadi Zadar, kila siku kisiwa kingine: asubuhi baiskeli, mchana kuogelea, alasiri ngome na makanisa, jioni kula. Alipomwambia Dinka alikuwa ameshalipa zamani.

"Utaipenda," alisema. "Ni pwani nzuri sana. Watu wengi hawaijui vizuri."

Dinka alizaliwa Split, na Split iko katikati ya pwani hiyo. Alijifunza kutembea na kuogelea karibu wiki ileile. Baba yake na mama yake wamelala kwenye makaburi ya mji ule. Na huyu anamwambia ataipenda.

Hakubishana. Ukiishi na mtu wa namna hiyo miaka mingi unajifunza kuokoa pumzi. Aliitazama ratiba tu, akaona siku ya tano wangetia nanga Split kuanzia asubuhi hadi saa ya chakula cha mchana, na moyo ukamruka. Maana Split alikuwako Špiro, kaka yake, mtu pekee aliyebaki wa tumbo moja naye, nao hawakuwa wamesemezana tangu matanga ya baba yao. Safari nzima, kwa Dinka, ilikuwa asubuhi hiyo moja. Visiwa vyote vilikuwa njia tu ya kufika.

Ya matanga ni haya. Watu wametoka makaburini, wameketi kula, mara Vatroslav, kwa kimbelembele chake, akasimama na glasi mkononi. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, mwenye akili, na angefika mbali sana kama asingepoteza maisha yake akirukaruka majini na kimpira kama mtoto mdogo. Alidhani anamsifu. Špiro alimshika ukosi wa koti akamtoa nje mbele ya padri. Na Dinka, hapo ndipo penye kidonda, Dinka alichukua mkoba wake akamfuata mumewe. Mji mzima ukapata la kusema mwaka mzima: "Alimfuata! Baba hajapoa kaburini, kamfuata mng'oa meno!"

Basi, wakapanda meli.

Siku ya kwanza tu Vatroslav alikuwa kiongozi wa abiria bila kuchaguliwa na mtu. Alivaa suruali ya baiskeli iliyombana mpaka ukaona aibu kwa niaba yake, na mkononi saa kubwa iliyompigia mbiu kila alipopanda kilima. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya umeme. Lakini akifika juu, amekaa kitako mtambo ukimsukuma, alishuka akipumua kwa nguvu na kuwatazama waliobaki nyuma kwa huruma, kama mtu aliyebeba kilima mgongoni.

Kulikuwa na mume na mke Wajerumani, akina Kestler, watu wapole waliotaka kujua kila kitu. Bibi Kestler alipogundua Dinka ni mwenyeji, akamgeukia.

"Hivi hizi kuta za mawe shambani, nani alizijenga?"

Dinka akafungua mdomo. Vatroslav akajibu.

"Warumi," alisema.

Walizijenga babu zake Dinka, kwa mikono, ili wapate pa kupanda mizabibu, na wakajikunja migongo mpaka kufa. Lakini Warumi wana sifa zaidi. Dinka akatazama bahari.

Kisiwani Vis jioni wakaingia mkahawani kwa Bi Perina, mwanamke mwenye mikono minene kama magogo ya mti. Kule pweza hupikwa kwa kufunikwa na chungu cha chuma, makaa chini, makaa juu, na huagizwa tangu jana yake, kwa sababu hana haraka na yeyote. Vatroslav hakuagiza. Aliketi akasema, "Pweza wa chini ya chuma, kwa watu wanne. Nusu saa inatosha?"

Bi Perina alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza saa ngapi treni ya kwenda mbinguni.

"Baba, pweza huyo yumo baharini. Nusu saa hata kukuamkia hawezi."

"Nitalipa zaidi."

"Mwambie yeye basi. Anasikia pesa?"

Meza ya jirani ikacheka. Wakaletewa dagaa wa kukaanga na divai nyekundu, na Dinka, kwa mkono usiofikiri, akachukua jagi la maji akaongeza kwenye divai yake, nusu kwa nusu, kama alivyokuwa akifanya baba yake na watu wote wa pwani ile. Vatroslav akamshika kiwiko mbele ya wageni.

"Samahanini," aliwaambia akina Kestler akicheka. "Mke wangu anaiharibu. Divai ya hadhi hii haiongezwi maji. Nimemfundisha, lakini damu ni damu."

Bi Perina, aliyekuwa akipita na sahani, akasimama. Akamtazama Dinka, si mumewe.

"Mama, wewe mtu wa wapi?"

"Split."

"Nilijua. Kunywa, mwanangu," alisema Bi Perina, akaenda zake. Dinka akanywa glasi nzima bila kupumzika, na usiku huo ndani ya chumba chao cha mbao, mumewe akimsomea kilomita walizopanda, alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Špiro. Alipanga mengi mazuri. Kila alipoyarudia yalisikika kama hotuba ya waziri.

Siku ya tano ikafika. Dinka alikuwa amekwisha jipangia: atasema kichwa kinamuuma, Vatroslav ataongoza kundi kwenye kasri la kale la kaisari wa Kirumi, yeye atakwenda peke yake ufuoni, maana saa ile ya asubuhi Špiro hukaa wapi kama si majini? Lakini wapi. Vatroslav alishuka kifungua kinywa na taulo shingoni.

"Leo kasri baadaye. Kwanza mchezo wa asili! Nimewaahidi akina Kestler. Ule wa kimpira, unaukumbuka? Baba yako alikuwa akiucheza."

"Naukumbuka," alisema Dinka.

Ufuo wenyewe uko hatua chache tu nyuma ya kituo cha treni, mchanga mtupu, na maji yanakwenda mbali yakiwa hayajafika magoti. Humo husimama watu watano kwa duara na kupigiana kimpira kidogo kwa kiganja, mpira wa tenisi ulionyonyolewa manyoya ukabaki kipara. Kazi ni moja: usianguke majini. Basi. Hakuna goli, hakuna pointi, hakuna refa. Mtu mzima na heshima zake anaruka, anajitupa kifudifudi, puu, lakini mpira umebaki hewani, na ufuo wote unasema "aaah". Kila duara lina watu wake na saa yake, na mtu haachi nafasi yake mpaka afe. Dinka alipokuwa msichana baba yake alimwingiza mle kati ya wanaume, na alikuwa anajitupa vizuri kuliko Špiro. Hilo Špiro hajawahi kulikana wala kulikubali.

Wakafika. Špiro alikuwamo, mvi zimemzidi, tumbo limeanza. Pembeni yake ami Jere, mzee aliyevaa chupi ya kuogelea iliyokuwa ikipungua kila mwaka kadiri mwenyewe alivyoongezeka, na Frane dereva wa teksi, na wengine wawili. Ami Jere ndiye aliyeona kwanza.

"Špiro," alisema bila kuacha kucheza, "geuka kushoto, lakini usitufie."

Špiro akageuka. Akamwona dada yake, akamwona na yule aliye nyuma yake. Akauacha mpira ukamdunda Jere kifuani. Ufuoni, wanawake waliokuwa wakiota jua walikaa kitako wote kwa mara moja.

"Habari za asubuhi, bibi," alisema Špiro. "Karibuni Split. Safari ilikuwa njema?"

Dinka alihisi kisu. Maana pale heshima ni ya wageni. Ndugu na rafiki hutukanwa. Mtu akikuita punda toka mbali ujue amefurahi kukuona, na mama akikosa neno baya la kumwambia mwanawe ujue ni mgonjwa. Lakini ukiitwa bibi, ukaulizwa safari, mlango umefungwa na komeo limetiwa.

"Njema," alisema Dinka. Hotuba yote ya waziri ilimtoka kichwani.

Vatroslav yeye alimpita mkewe mkono umenyooka mbele.

"Špiro! Yaliyopita si ndwele, au siyo?"

"Si ndwele kabisa, bwana daktari. Ni heshima kwetu."

"Umeona?" Vatroslav alimnong'oneza Dinka, kwa sauti ya kusikika hadi bandarini. "Amekomaa. Nilikwambia muda utamfundisha adabu."

Kisha akataka kucheza. Ami Jere akaangalia angani kama anayeomba subira, akasema, "Mwacheni aingie, jamani. Mimi nimezeeka, furaha zimebaki chache." Frane, aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kuvuta sigara tangu alfajiri, akatoka majini na kumwachia nafasi.

Mola awasamehe waliocheka, maana hawakuwa na njia. Mpira wa kwanza ulimjia Vatroslav taratibu, wamempa kama apewavyo mtoto kijiko cha uji. Akaukunjia bega akaupiga kwa nguvu zake zote, kumwelekea Špiro usoni. Špiro akainama. Mpira ukaanguka majini huko nyuma.

"Moja!" alipiga kelele Vatroslav.

Watu wakatazamana.

"Moja nini?" aliuliza Jere.

"Moja kwa sifuri!"

Ukafuata wa pili, akaupiga chini miguuni pa Jere. "Mbili!" Wa tatu akamtia mmoja wa wale wawili tumboni, naye akasema "Yesu!" na Vatroslav akasema "Tatu!" Bibi Kestler alikuwa akipiga picha. Ufuo mzima umeshasimama, mwenye aiskrimu imemmwagikia mkononi hana habari, na mwanamke mmoja mnene alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka. Miaka na miaka watu wanaingia majini pale, wajinga kwa werevu, walevi kwa wazima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea namna hiyo: kuingia kwenye mchezo wa watu wanaosaidiana kuubakisha mpira juu, akajiona anawafunga.

Alipofika sita Špiro aliinua mkono.

"Shemeji," alisema, na neno hilo alilivuta polepole kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. "Umeshinda."

"Nimeshinda?"

"Bila ubishi. Sisi hapa tunacheza tangu enzi za babu zetu, hatujashinda hata siku moja."

"Na aliyeshinda anafanya nini?"

"Anatoka. Anakaa juani apigwe picha."

Vatroslav akatoka, mikono juu, miguu ikirusha maji. Watu wakampigia makofi, wengine mpaka machozi. Akamwambia Bwana Kestler kwamba siri ni mabega.

Dinka alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, viatu mkononi. Hakucheka. Aibu aliyoiona haikuwa ya mumewe. Mumewe hakuwa na chombo cha kuiwekea. Ilikuwa yake. Huyu ndiye aliyemfuata. Aliacha meza ya baba yake, akamfuata huyu.

Duara lilikuwa na pengo. Frane alikuwa ametulia mchangani na sigara yake, na hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemwita Dinka. Akatupa viatu. Akafunga pindo la gauni juu ya magoti, gauni la kitani alilonunuliwa kwa ajili ya chakula cha jioni melini, akaingia majini akasimama penye pengo.

Ami Jere akamrushia mmoja mwepesi. Akaurudisha. Yule wa kushoto akampa, akaurudisha, na kiganja kikakumbuka. Lakini Špiro hakumpa. Ukimfikia Špiro uliruka juu ya kichwa cha Dinka kwenda kwa Jere, ukirudi kwa Špiro ulikwenda kushoto, ukirudi ulikwenda kulia, kwa adabu kubwa, kama mtu anayepita kando ya bibi wa watu njiani asimkanyage. Ukapita hivyo mara nyingi. Dinka alijua kwamba hili likiisha hivi atarudi melini, na hakutakuwa na asubuhi nyingine.

"Špiro!" alisema. Sauti ilimtoka siyo ya Zagreb. "Wee punda! Utanipa huo mpira, au mpaka nikamwombe baba makaburini?"

Yule mwanamke mnene aliondoa kofia usoni.

Špiro aliushika mpira, kitu ambacho katika mchezo ule hakifanywi. Alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu afike. Halafu akaupiga, si mwepesi, si wa huruma: wa chini, wa mbali, wa kumuua mtu. Dinka akajitupa na gauni lake lote. Aliugusa kwa ncha za vidole. Akala maji na mchanga, na alipoinua kichwa mpira ulikuwa unaelea mbele yake kama yai.

"Tazama mkono huo!" Špiro alikuwa anapiga kelele, uso mwekundu. "Huo ni mkono au kijiko? Huko Zagreb wamekukata vidole? Mbuzi wewe! Baba angekutimua majini kwa taulo!"

Dinka alibaki amepiga magoti majini. Akaanza kucheka, na kwa kuwa uso ulikuwa umelowa, hakuna aliyejua kama kulikuwa na kitu kingine.

"Mbuzi ni wewe na tumbo lako!" alisema. "Una mimba ya nani?"

"Ulimfuata," alisema Špiro. Hapo sauti ilishuka.

"Nilimfuata."

"Mbele ya baba."

"Mbele ya baba. Unataka niseme mara ngapi?"

"Ulikuwa na miguu. Ungeweza kubaki."

"Basi leo nimebaki. Piga mpira, ng'ombe, maji baridi haya."

Ami Jere akajipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Piga, Špiro," alisema. "Mimi nashikwa na mafua." Špiro akapiga.

Ndipo Vatroslav alipokuja ukingoni, kandambili miguuni, akionyesha saa yake.

"Dinka! Umelowa mwili mzima! Meli inaondoka, mchana kuna samaki wa kuokwa ndani ya chumvi, na bado kasri hatujaliona!"

"Nenda kaliangalie."

"Na wewe?"

"Mimi nimekulia kando yake," alisema Dinka, akaurudisha mpira kwa kushoto. "Nenda, Vatro. Usikose samaki."

"Utatukuta wapi? Zadar? Kuna basi?"

"Mabasi yapo kila siku," alisema. Vatroslav alisubiri kidogo amalizie, kama anavyosubiri mgonjwa ateme. Dinka aliufuata mpira mwingine. Špiro akatoka majini kabisa, akajifuta kiganja kwenye paja, akamwendea na kumpa mkono.

"Bwana daktari, imekuwa furaha kubwa. Karibu tena Split wakati wowote. Salamu kwa wote nyumbani."

Vatroslav aliguswa. Wakipanda ngazi za kutoka ufuoni alisikika akimwambia Bwana Kestler kwamba watu wa pwani wana sifa mbaya bure. Ukijua kuwaweka mahali pao, ni waungwana kupita kiasi.

Walicheza mpaka Jere akasema goti limekataa. Kisha kaka na dada wakapanda mtaa wa nyuma ya reli kuelekea nyumba ya baba yao, Dinka gauni linachuruzika, viatu vimesahaulika huko huko. Špiro alisema mkewe amepika spinachi na viazi, lakini kwa watu waliopo, si kwa watalii. Dinka alisema mkewe hajawahi kujua kupika viazi, na yeye hajaja kula, amekuja kuona kama wameufyeka ule mti wa tini wa baba. Hatukuufyeka, alisema Špiro. Ungeufyeka, ningekufyeka wewe. Ulikuwa wapi mti ulipokuwa unakauka, nani aliumwagilia? Nani alinifungia mlango? Nani alibisha hodi? Ng'ombe! Mbuzi!

Madirisha ya mtaa yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine.

"Jamani, nani huyo anamwita Špiro ng'ombe saa ya chakula?" aliuliza bibi mmoja wa ghorofa ya juu, aliyekuwa haoni vizuri.

"Dada yake," alijibiwa kutoka dirisha la pili. "Nani mwingine?"